Spika ya Tarumbeta na Duka la Kama Mpya

Jina la Tarumbeta alipewa akiwa darasa la pili, na aliyempa hakuwa hata mwalimu wake. Alikuwa mwalimu wa darasa lililokuwa ng'ambo ya uwanja, ambaye asubuhi moja aliweka chaki chini, akavuka uwanja, akachungulia dirishani na kuuliza, "Ni nani huyu anayesoma? Maana darasa langu zima linamwitikia." Watoto walicheka hadi kuangukia chini ya madawati. Tangu hapo jina alilopewa na wazazi likabaki kutumika benki na hospitali tu.

Sauti ile, iliyomletea makonde mengi utotoni, ndiyo iliyokuja kumlisha ukubwani. Aliingia kwenye kazi ya ushereheshaji wa harusi bila kuisomea. Alialikwa harusi ya binamu yake kama mgeni, mshereheshaji aliyekodiwa akachelewa, na shangazi mmoja akasema, "Mpeni huyu. Si anapiga kelele bure kila siku? Leo apige kwa faida." Akapewa maiki, na tangu siku hiyo hakuna aliyefaulu kuitoa mkononi mwake.

Na kazi aliiweza, tusimnyime haki yake. Alijua namna ya kumkalisha mjomba aliyelewa bila kumwaibisha, namna ya kuwatenganisha mawifi waliogombea viti vya mbele, na namna ya kumalizia hotuba ya baba mkwe ambaye mwenyewe hajui ataimalizaje. Tatizo lake lilikuwa kichwa. Kilimvimba. Alifika mahali akaamini kwamba ndoa yoyote mjini ikifunguliwa ukumbi na mwingine haitadumu, na zilipovunjika zile alizofungua yeye, alisema keki haikuwa nzuri.

Mume wake alikuwa mwoka mikate, mtu mkimya kiasi kwamba majirani wapya walimdhania bubu hadi walipomsikia akipiga chafya. Alirudi kutoka kazini na unga kwenye nyusi, akaketi, akasikiliza. Ndoa yao ilikuwa nzuri sana. Mmoja alisema, mwingine akatikisa kichwa, na miaka ikaenda.

Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyomla koo. Kumbi nyingi zilikuwa na spika mbovu za kukoroma, na yeye alizoea kupiga kelele juu ya mikoromo. Ikafika siku akawa anatoka harusini na ladha ya kutu mdomoni. Daktari akammulika tochi kooni, akaizima, akasema, "Mama, nyuzi zako za sauti zimechoka. Ukiendelea kupayuka hivi zitakuaga. Tafuta spika yako ya maana, uongee taratibu kama watu."

Spika mpya ya maana, hata hivyo, bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu aulize mara mbili kama ni ya kitu kimoja au ya duka zima. Ndipo akaenda Kama Mpya.

Duka hilo lilikuwa kwenye barabara kuu, vioo mbele, na juu yake bango lililofunika ghorofa mbili: KAMA MPYA! VIFAA VYA LEO, BEI YA JANA. Ndani kulikuwa na televisheni, simu, kompyuta, majokofu na spika, vyote vimetumiwa na watu wengine huko vilikotoka, vikaletwa, vikafutwa vumbi na kupangwa chini ya taa kali. Meneja alikuwa kijana mwembamba mwenye suti iliyombana na marashi yaliyokusalimia kabla yake. Kwake neno "kutumika" lilikuwa tusi.

"Usiseme kimetumika, mama yangu," alimwambia Tarumbeta siku hiyo, akimshika mkono kama anayempa mkono wa rambirambi. "Kilichotumika ni kile anachokuuzia jirani. Sisi hapa tunahuisha. Tunakifungua, tunatoa kilichochoka, tunaweka kipya, tunakifunga. Kimezaliwa upya."

Akamwonyesha spika ya magurudumu, yenye betri ndani na maiki mbili, nyeusi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Tarumbeta akashika maiki, akanong'ona tu, "Mabibi na mabwana," na wateja wote dukani wakageuka. Hapo hapo akaipenda.

"Na ikiharibika?"

"Waranti miezi sita, mama. Tunatengeneza bure."

"Na baada ya hiyo miezi sita?"

"Baada ya hapo itakuwa imeshakuzoea, haitaharibika tena." Meneja akacheka, naye akacheka. "Nikuambie ukweli? Spika hii itasherehesha harusi za wajukuu zako."

Akanunua. Mume akaisukuma hadi nyumbani.

Miezi sita ilikuwa ya raha. Tarumbeta alikuwa anaongea kwa sauti ya kumbembeleza mtoto na ukumbi mzima unatetemeka. Koo likapoa. Aliisifia ile spika kila alikokwenda, akawapeleka na wenzake dukani, na kwa kufanya hivyo, bila kulipwa hata soda, akawa mpiga debe wa Kama Mpya.

Wiki moja baada ya waranti kuisha, spika ikafa.

Ilikufa mchana kweupe, katikati ya harusi kubwa, wakati anamwita baba wa bibi harusi aje kutoa nasaha. Kwanza ilikohoa. Halafu ikatoa mlio kama wa mtu aliyekanyagwa kidole chenye jeraha. Halafu moshi mwembamba ukatoka nyuma, na kimya kikaanguka juu ya watu mia kadhaa, baba wa bibi harusi amesimama katikati, mguu mmoja mbele, hajui aendelee au arudi.

Angeweza kuomba radhi akakaa. Lakini kile kichwa chake je? Akaweka maiki chini, akavuta pumzi, akafungua koo kama zamani. Alisherehesha ile harusi yote kwa mdomo mtupu: nasaha, zawadi, keki, picha, ugomvi mdogo wa pande mbili kuhusu nani akate keki kwanza, hadi maharusi walipoingia kwenye gari. Watu walimpigia makofi. Mama wa bwana harusi alimkumbatia huku akilia.

Kesho yake asubuhi alifungua mdomo kumwambia mumewe asogeze sukari. Kikatoka upepo.

Akajaribu tena. Upepo. Mume, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kuhitaji kuuliza kitu mara mbili, akasogeza sikio karibu na mdomo wa mkewe, akakaa hivyo muda mrefu, halafu akasogeza chumvi.

Daktari alimkataza kusema kwa wiki kadhaa. Hata kunong'ona, alisema, asinong'one. Tarumbeta alisikia nusu ya agizo hilo, akalishika robo.

Siku iliyofuata walikwenda Kama Mpya, mume anasukuma spika, yeye mbele amejifunga mtandio shingoni. Meneja alikuja mbio na marashi yake, lakini alipoona spika, hatua zikapungua. Aliomba kadi ya waranti, akaisoma polepole kama anayesoma wasia, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Pole sana, mama yangu. Waranti ilikufa wiki iliyopita. Ingekuwa wiki iliyopita, mimi mwenyewe ningevua koti nikaitengeneza."

Tarumbeta akamvuta mumewe sikio, akanong'ona kwa hasira hadi mishipa ya shingo ikamtoka: "Mwambie ni mwizi, mwana wa mwizi, na hiyo suti ameazima kwa mdogo wake!"

Mume akakohoa. "Anasema hajaridhika," akasema.

"Namwelewa," akasema meneja.

"Mwambie aliniapia wajukuu! Mwambie nilikuwa na masikio mawili na akili zangu timamu, na kama yeye amesahau, mimi nitamkumbusha kwa kiatu!"

"Anasema kulikuwa na ahadi."

"Ahadi ni lugha ya biashara, baba. Lugha ya sheria ni waranti. Waranti ikiisha, kifaa kinakuwa kama binti aliyeolewa, hatuulizwi tena sisi." Meneja akatabasamu, akafurahishwa na mfano wake mwenyewe. "Lakini kwa sababu ninyi ni wateja wetu, kuna njia mbili. Fundi wetu anaweza kuitazama, kwa malipo. Au mtuachie kama chuma chakavu, mwongeze kidogo, mchukue nyingine. Nayo ni kama mpya."

Tarumbeta akamfinya mumewe mkono, ufinyo wa kuacha alama.

"Anasema hapana," akasema mume, na hiyo ndiyo tafsiri pekee aliyoitoa sawasawa siku hiyo.

Wakatoka. Njiani hakunong'ona chochote, na jambo hilo ndilo lililomtia mumewe wasiwasi kuliko matusi yote.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Watu waliokuwa wamemweka kwa harusi zao walianza kupiga simu. Mume akawa anapokea, anasema "haiwezekani," anakata. Kazi zikahamia kwa kijana mmoja mshereheshaji anayevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Tarumbeta alikuwa anakaa mbele ya kioo cha kabati, anafungua mdomo na kuufunga. Alikuwa na hofu. Alijiuliza atakuwa nani ikiwa sauti haitarudi, na jibu hakulipata, kwa sababu tangu darasa la pili hakuwahi kuwa mtu mwingine.

Ndipo wifi yake akaja.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume, msusi, mwenye saluni ndogo ambayo habari zote za mji zilipita kabla ya kwenda kokote. Kwa miaka mingi alikuwa akitafuta nafasi ya kusema neno nyumbani kwa kaka yake bila kukatizwa, na sasa nafasi ilikuwa imejileta. Aliingia, akavua viatu, akajilaza kwenye kochi.

"Nimekuja kusikiliza huu ukimya," akasema. "Uuh! Kumbe nyumba hii ina saa ya ukutani? Sijawahi kuisikia."

Tarumbeta akamtolea macho.

"Tolea tu. Leo nasema mimi. Kwanza, mwaka ule ulisema nimenenepa, mbele ya wateja wangu. Sikusahau. Pili, mapazia haya ni mabaya. Nimenyamaza nayo muda mrefu. Tatu, kaka yangu amekonda." Akaendelea hivyo kwa starehe kubwa hadi akaishiwa, akanywa maji, akauliza kwa wepesi tu, "Hivi spika yenyewe ulinunua wapi?"

Mume, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamjibu. "Kama Mpya."

Wifi akakaa wima. Kicheko kikamtoka usoni kama kimefutwa na kitambaa.

"Hata wewe?"

Ikawa zamu yake kusema kwa sauti ya chini. Draya yake kubwa ya nywele, ile ambayo wateja walikuwa wakiambiwa iko kwa fundi, haikuwa kwa fundi. Ilikuwa uvunguni mwa kitanda. Aliinunua Kama Mpya, ikamaliza waranti, ikaungua ikiwa juu ya kichwa cha mteja. Hakumwambia mtu. "Niliona haya," akasema. "Mimi ninayejifanya mjanja wa mji mzima, niende kusema nimepigwa? Hata kadi niliitupa kwa hasira."

Tarumbeta akamshika mkono. Kwa watu wengine hilo si kitu. Kwa mawifi hawa wawili lilikuwa jambo kubwa; mume alipoona, alitoka nje akawaacha.

"Sikiliza," akasema wifi. "Pale juu ya posta kuna ofisi ya haki za mlaji. Kuna mkaguzi pale, namsuka. Analalamika kwamba watu hawaendi, wanadhani ni ofisi ya mambo ya chakula. Kesho tunakwenda. Na mdomo wako ni mimi. Huyu kaka yangu atakuzika kwa adabu zake."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, na kibao chake kilisema HAKI ZA MLAJI. Chini yake mtu mmoja mwenye njaa au mzaha alikuwa ameandika kwa kalamu: chakula hakuna. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba, kikombe cha chai kimemalizika zamani. Tarumbeta alianza kumweleza kwa kunong'ona, wifi akawa anajazia, na mkaguzi, akiinama kusikiliza, bila kujua naye akaanza kunong'ona. Mhudumu aliyeingia na faili aliwakuta wanawake watatu vichwa vimegusana, akarudi kwa kunyata akidhani kuna msiba.

"Waranti," akanong'ona mkaguzi, "ni zawadi ya duka. Duka linaweza kukupa ndefu, fupi, au lisikupe. Sheria si zawadi. Waranti ikiisha, sheria haijaisha. Kitu ulichouziwa lazima kifanye kazi uliyokinunulia, kifanane na kilivyotangazwa, na kidumu muda ambao mtu mwenye akili zake angetegemea."

"Hata kama kilishatumika?" akauliza wifi.

"Kilichotumika hutegemei kiwe kama cha kiwandani. Ukikikuta na mkwaruzo usije kulia hapa. Na ukikiangusha, au mvua ikakinyeshea, ni juu yako." Akamtazama Tarumbeta. "Uliiangusha?"

Tarumbeta akatikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha kwa mikono jinsi alivyokuwa akiifunika shuka kila jioni kama mtoto.

"Haya. Na aliyekuuzia, alisema ikoje?"

"Kama mpya."

Mkaguzi akavaa miwani. Kwa mara ya kwanza tangu waingie, akatabasamu. "Ameandika hivyo?"

"Ghorofa mbili nzima," akasema wifi.

Siku mkaguzi aliyoziita pande zote mbili kusikilizana, meneja alikuja na marashi na fundi wake, mtu mnene mpole aliyebeba mkoba wa bisibisi. Mume wa Tarumbeta alipandisha spika ngazi zote akiwa ameibeba begani, akaiweka mezani, akajisimamia ukutani. Sauti ya Tarumbeta ilikuwa bado upepo.

Meneja aliomba kuanza. "Mheshimiwa mkaguzi, tuangalie lugha. Sisi hatukuandika 'mpya'. Tumeandika 'kama mpya'. Mtu akikuambia anakimbia kama duma, huwezi kumpeleka porini ukamtaka akamate swala."

"Kwa hiyo si mpya," akasema mkaguzi.

"Si mpya."

"Ila ni kama mpya."

"Ndiyo."

"Kwa upande gani?"

Meneja akalegeza tai. "Kwa… mwonekano."

"Na kwenye bango mmeandika 'kwa mwonekano'?"

"Nafasi ilikuwa ndogo."

Wifi akaangua kicheko cha puani. Tarumbeta akamvuta, akamnong'oneza. Wifi akasimama. "Mlalamikaji anasema huyu ni mwongo, aliahidi spika itafika hadi harusi za wajukuu, na pia kwamba draya anazouza zinanuka panya, na suti hiyo imembana kwa sababu ya dhambi."

Mkaguzi akainua kalamu. "Hayo ya draya na suti yamesemwa na mlalamikaji?"

"Ameyafikiria."

"Tutaandika hayo ya wajukuu," akasema mkaguzi. "Meneja, uliahidi?"

"Nilikuwa natania."

"Alijuaje kwamba unatania?"

"Nilicheka."

Mkaguzi hakuandika hilo. Alimgeukia fundi, akamwambia aifungue spika pale pale mezani. Fundi akamtazama bosi wake, bosi akatazama dirisha. Bisibisi zikatoka. Wavu wa mbele ukaondolewa, ubao wa nyuma ukafuata, na vumbi likamwagika juu ya meza, vumbi la zamani lililoshikana kama sufu. Betri ilikuwa imevimba, imezungushiwa utepe wa gundi ulioanza kuwa kahawia. Kwenye kona kulikuwa na utando wa buibui, na mwenye nyumba alikuwa amehama siku nyingi.

"Hii ndiyo iliyohuishwa," akasema mkaguzi. "Mlibadilisha nini?"

"Wavu," akasema fundi.

"Huo ni wa nje."

"Na kibandiko cha mbele."

"Ndani, bwana."

Fundi akafikiri. "Ndani tulipuliza."

"Mlipuliza nini?"

"Vumbi."

Wote wakalitazama lile vumbi mezani. "Na hili?" akauliza mkaguzi.

"Hili lilibaki."

Hapo angenyamaza, kesi ingekuwa mbaya tu. Lakini fundi alikuwa mtu mwema, na alipoona uso wa Tarumbeta alitaka kumfariji. "Mama, usijilaumu," akasema. "Hukukosea kuitumia. Hizi betri za zamani tunazijua, zikijitahidi sana ni miezi saba. Ndiyo maana waranti huwa tunaweka sita."

Meneja akamkanyaga mguu, lakini alichelewa kwa sentensi nzima.

Tarumbeta alifungua mdomo. Alikuwa na la kusema kuliko siku yoyote ya maisha yake, na halikutoka. Machozi yakamtoka badala yake, ya hasira, na hakuyafuta. Mume akatoka ukutani, akaja akasimama nyuma ya kiti chake.

Mkaguzi akatoa uamuzi. Duka lingeweza kuitengeneza kwa vipuri vipya, au kutoa nyingine nzima, au kurudisha fedha, na chaguo akampa mlalamikaji. Tarumbeta akanong'ona neno moja, na wifi kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu: "Fedha." Mkaguzi akaeleza kwamba kiasi kidogo kitakatwa, kwa ile miezi aliyoitumia vizuri. Tarumbeta akavimba. Akamnong'oneza wifi.

"Anauliza, na sauti yake je?"

"Sauti sina mamlaka nayo," akasema mkaguzi, na alionekana kusikitika kweli. "Hiyo ni mahakamani, na huko ni njia ndefu."

Meneja akasema watafilisika. Akasema wanaweza kutoa vocha ya kununulia dukani. Mkaguzi akasema hapana. Meneja akatia sahihi kama anayeuza figo.

Kutia sahihi ni kitu kimoja na kulipa ni kingine. Mara ya kwanza walipofuata, mhasibu alikuwa mgonjwa. Mara ya pili mhasibu amepona, bosi mkubwa amesafiri. Mara ya tatu mashine ya risiti ilikuwa imeharibika, na wifi akauliza kama waranti yake imeisha. Baada ya danadana hizo hawakurudi nyumbani. Waliketi kwenye kochi la wateja, katikati ya duka, chini ya zile taa kali. Wifi akatoa chanuo, akatoa nywele za kuongezea, akamfumua Tarumbeta kichwa, akaanza kumsuka.

Wateja wakasimama. Dada mmoja akauliza, "Humu kuna saluni pia?"

"Hapana, mwanangu," akajibu wifi, vidole vinakwenda. "Tunasubiri fedha zetu. Za spika. Wewe umekuja kununua nini?"

"Simu."

"Nzuri. Ukishanunua pita hapa, nitakusuka wakati unasubiri za kwako."

Dada akacheka, akatazama simu mkononi, akairudisha kabatini. Nyuma yake mzee mmoja aliyekuwa akipapasa jokofu akaondoa mkono. Meneja akamwita mlinzi. Mlinzi akaja, akamwona Tarumbeta, akavua kofia. "Shikamoo, mama. Mimi ulinifungulia ukumbi." Akarudi mlangoni, akasimama akiwapa mgongo.

Mistari haikuwa imefika nusu ya kichwa mhasibu alipopatikana.

Tarumbeta alihesabiwa fedha zake akiwa na nusu ya nywele zimesimama, akatoka hivyo hivyo barabarani, mtandio mkononi. Draya ya wifi haikulipwa. Bila kadi wala risiti, mkaguzi alisema, hana pa kushikia, na wifi alimsusa kwa mwezi mzima, akamsuka vibaya makusudi aliporudi. Bango nalo halikuondolewa. Baada ya onyo la mkaguzi liliongezewa maneno mawili, chini kabisa, kwa herufi ambazo ungehitaji ngazi kuzisoma: kwa mwonekano.

Sauti ilirudi taratibu, lakini haikuwa ile. Ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo, na ilikuwa inakatika katikati ya sentensi. Tarumbeta alilia siku aliyoisikia vizuri. Aliongeza kwenye zile fedha, akanunua spika ndogo mpya, isiyo na mng'ao wowote, kwa muuzaji aliyechoshwa na maswali yake hadi akamwomba aichukue tu aende.

Harusi ya kwanza aliyopata ilikuwa ya watu wachache, watu wasio na uwezo wa kumkodi yule wa miwani ya jua. Mumewe alifunga jiko mapema, akaja akaketi kiti cha nyuma. Tarumbeta akashika maiki, akasema, "Mabibi na mabwana," sauti ikamkatikia hapo hapo. Mezani watu waliendelea kupiga soga, vijiko vikigonga sahani. Zamani angewafunika wote kwa pumzi moja. Sasa alisimama tu, maiki mkononi, akasubiri, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Meza ya kwanza ikanyamaza, ikatazama meza ya pili. Bibi mmoja akamzuia mjukuu mkono. Ukumbi ulipotulia kabisa, alianza upya, polepole, na watu wakainama mbele kumsikiliza.